Tausi Chini ya Mwewe

Tarehe 9 Januari

Mwanangu,

Shikamoo yako niliipokea, na marahaba yangu ndiyo hii, imechelewa kwa sababu posta walikuwa wanapaka rangi na kila kitu kilifungiwa nyuma ya makopo. Sisi hatujambo. Baba yako amepanda tena juu ya paa kuziba pale panapovuja, na mama yako anamshikia ngazi huku anamsema. Goti la wifi yangu halijapona, lakini mdomo mzima kabisa. Kaka yangu anasema atashuka akimaliza kazi. Mimi naona amepanda kule apate kupumzika.

Haya, tuje kwenye langu. Imefika ile sarafu yenu ya kamari, chipu ya chumba cha Tausi. Ni nyekundu, ukingoni ina mistari myeupe, na katikati yupo tausi mwenyewe ameinua mkia. Nimeitazama kutwa. Unajua mimi sijawahi kushika karata, na hiyo poka yenu nikielezwa asubuhi, jioni nimeshasahau. Lakini mtu aliyeuza vifungo maisha yake yote, ukimpa kitu cha mviringo chenye uzito wake, hawezi kukitupa. Nilianza na ile uliyoisahau mfukoni mwa shati nilipokuwa nakushonea kifungo. Sasa droo imejaa. Jirani yangu muuza vitambaa anaziita chipsi, na juzi aliniuliza kama niko tayari kumgawia na chumvi.

Umesema Tausi imefungwa na mtahamia kwingine. Sijui nisikitike au nifurahi. Kwa mkusanyaji kama mimi, chumba kikifungwa ndipo chipu yake inapoanza kutafutwa, na kikifunguliwa kingine, droo inaongezeka. Nitafutie ya huko mpya, na uangalie isiwe imechubuka. Halafu uniambie kwa nini mlifungwa. Barua yako imejaa habari za mvua tu, kana kwamba wewe ni mtabiri wa hali ya hewa.

Shangazi yako wa Vifungo


Tarehe 2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie baba ashuke, na mama amwache. Mimi mzima, ila miguu inauma kwa kusimama. Bado nalala chumba cha nyuma hapahapa kazini, na blanketi uliloniletea mwaka juzi ndilo linalonifaa.

Uliuliza kwa nini tulifungwa. Shangazi, hapa hatuulizi. Bosi wetu tunamwita Taratibu, kwa kuwa hajawahi kupaza sauti. Hata siku mteja alipopindua meza, yeye alimshika bega tu akamwambia, “Taratibu, ndugu yangu,” wakatoka wote wawili nje kama marafiki. Yule mteja hatukumwona tena. Basi Taratibu alisema Tausi imekwisha, tukapumzika siku chache, tukafungua Mwewe. Jengo ni lilelile. Mlango wa mbele umejengewa tofali, sasa watu wanaingilia ubavuni, kwenye uchochoro wa mafundi viatu. Zulia jipya, taa mpya, meza zilezile. Ile ninayogawia karata bado ina alama ya sigara pembeni.

Wateja wengine walikuwa na chipu za Tausi majumbani, wameziweka kama akiba. Walipokuja kuzibadilisha walikuta tofali. Waliambiwa chipu hizo zimekufa, hazilipwi tena. Walizungukazunguka nje, kisha wakaacha kuja.

Sheria inataka chipu za chumba kilichofungwa zisagwe mbele ya mkaguzi na mashahidi wawili wa kazini. Tulichaguliwa mimi na Mama Dirisha. Huyu ndiye anayekaa nyuma ya dirisha la vyuma na kubadilisha chipu za wateja. Ni wa rika lako, ana miwani iliyofungwa uzi shingoni, na bila hiyo hawezi kusoma hata namba ya mlango wake. Tulipelekwa kwenye kiwanda cha vigae. Magunia yalikuja yamefungwa kamba, yakaingia kwenye mashine yamefungwa kamba. Mkaguzi hakushuka garini. Alitunyooshea karatasi tukatia sahihi. Vumbi lililotoka lilikuwa jeupe. Chipu za Tausi zilikuwa nyekundu na bluu, lakini mimi si mtaalamu wa kusaga.

Chipu ya Mwewe uliyoitaka ni hii. Tukimaliza zamu huwa tunapiga kofi moja na kuonyesha viganja, ili kila mtu aone hatujaondoka na kitu. Nilionyesha viganja vitupu kabisa, chipu ikiwa ndani ya mkono wa shati. Wakati wa kufunga hesabu Mama Dirisha aliona moja haipo. Alinitazama juu ya miwani, akamwambia msimamizi imevunjika, ameitupa mwenyewe. Baadaye kwenye ngazi alinivuta sikio. “Msalimie shangazi yako,” akasema. “Mwambie droo yake itaniua.” Tulicheka mpaka tukashika ukuta.

Simu zetu zinakaa kwenye sanduku la Taratibu. Tukirudishiwa siku ya mapumziko, zimeshapekuliwa. Kwa hiyo tuendelee na barua, na uzitume kwa anwani ya fundi viatu niliyoandika nyuma ya bahasha, si hapa.

Mwanao


Tarehe 25 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na pole ya miguu. Weka maji ya moto na chumvi, usijifanye kijana. Baba yako ameshuka, paa bado linavuja, sasa wanalaumiana. Mama Dirisha mpe salamu zangu, mwambie nampenda kabla sijamwona. Na wewe, mkono wa shati si mfuko. Nilikuomba uombe, sikukuomba uibe.

Sasa kaa, maana hii utaipenda. Unajua kila kifungo cha mtumba kinachoingia dukani kwangu lazima kioge kwanza: maji ya moto, sabuni, na siki kidogo. Chipu zako nazo nazifanyia vivyo hivyo, siwezi kuweka jasho la walevi kwenye droo yangu. Mzee wa Sarafu, yule mkusanyaji tunayebadilishana naye vitu, hushika kichwa akisikia naosha. Anasema wakusanyaji wa kweli hawagusi hata kwa kitambaa kibichi. Mimi simsikilizi.

Basi nimeitumbukiza ile ya Mwewe kwenye bakuli, nikahudumia wateja. Kurudi nakuta karatasi yenye mwewe inaelea juu ya maji. Moyo ulinipasuka, nikajua nimeiharibu. Nikaitoa chipu, nikaifuta kwa aproni, na anayenitazama pale katikati ni nani? Tausi, na mkia wake umeinuliwa vilevile.

Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko salama. Chumba kipya chipu za zamani, wamemvika tausi shati la mwewe na wakadhani hakuna atakayemvua. Hivi bosi wako ni bahili kiasi gani? Nimezilaza chipu mbili hizo kwenye kioo cha mbele ya duka, kati ya vifungo vya kijani na vya pembe, na karatasi ya mwewe pembeni. Nimeandika kwa mkono wangu: NDEGE MMOJA, MAJINA MAWILI. Watu wanasimama kuangalia. Mzee wa Sarafu ameinama pale mpaka mgongo ukamkatalia kuinuka, na safari hii alikubali kwamba kuosha kuna faida.

Jambo moja tu linanikereketa. Si ulisema hizi zilisagwa mbele yako? Labda walisaga nusu. Niambie.

Shangazi


Tarehe 11 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na wasalimie wote. Leo nitakuwa mfupi, niko kwa fundi viatu, naomba tu asimalize kiatu changu haraka.

Iondoe hiyo chipu kwenye kioo. Iondoe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Hawakusaga nusu. Nadhani hawakusaga hata moja, nadhani kwenye yale magunia kulikuwa na vigae vibovu. Na mimi nimetia sahihi kwamba nimeziona zikisagwa zote. Mama Dirisha naye ametia. Waliofukuzwa mlangoni na kuambiwa chipu zao zimekufa, wakija kujua zilezile ziko mezani zimevaa stika, hapa patawaka moto. Atakayetakiwa kujibu kwanza si Taratibu. Ni wale mashahidi wawili.

Na mimi sihofii sana polisi. Namhofia Taratibu. Hujawahi kumsikia akikuuliza jambo kwa upole.

Umemwonyesha nani? Kuna aliyepiga picha? Nijibu hilo tu, mengine yangoje.

Mwanao


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo wote. Mama yako anasema umekonda, ingawa hajakuona, anasema anakusikia kwenye mwandiko.

Nimeiondoa. Niliiondoa nikiwa nimesimama, barua yako mkono mmoja. Kioo nimekijaza zipu na lastiki, hakuna anayesimama tena. Mwanangu, mimi nilidhani ni kichekesho. Niliona ubahili, sikuona wizi, mpaka niliposoma habari za magunia.

Aliyeona ni jirani wa vitambaa, na yeye mpaka leo anadhani ni chipsi. Na wateja wangu, ambao shida yao ni kifungo cha sketi. Picha hakuna. Usiwe na tumbo joto kwa ajili ya hilo.

Njoo nyumbani. Baba yako hawezi tena kupanda ngazi kama zamani, ila hatasema. Mnaweza kuezeka pamoja. Utachoka, utaungua na jua, lakini hakuna atakayekupekua simu. Waambie mama yako ni mgonjwa. Si uongo sana, goti ni la kweli.

Nijibu upesi.

Shangazi


Tarehe 6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Barua zako nne za Aprili na Mei nimezipata zote kwa pamoja, fundi viatu alikuwa ameogopa kunipa. Pole kwa mama na goti. Nimefurahi kusikia paa limepona.

Picha ipo, Shangazi. Ilizunguka kwa wakusanyaji, simu hadi simu, ikamfikia mteja mmoja wa hapa, akampelekea Taratibu kama mzaha. Taratibu aliichapisha kwenye karatasi kubwa, akatukusanya mchana kabla ya kufungua, akailaza juu ya meza yangu. Nikaona kioo chako. Nikaona vifungo vya kijani, na mwandiko wako.

Aliuliza kwa upole, “Nani kati yetu ana ndugu anayeuza vifungo?” Nilikuwa natazama ile alama ya sigara. Akauliza tena, “Basi, chipu yetu ya Mwewe ilipitaje dirishani?” Mama Dirisha alikuwa amesimama kando yangu, bega lake linagusa langu. Alingoja kidogo. Nadhani alikuwa ananingoja mimi. Kisha akasema, “Mimi ndiye niliyesema imevunjika.” Hakunitazama.

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Taratibu akatushukuru wote, akasema twende tukale.

Mwewe ilifungwa siku hiyohiyo. Sasa tunaitwa Korongo. Tumepanda ghorofa ya juu, watu wanapita ngazi ya chuma ya nyuma. Zulia limebadilishwa tena.

Mama Dirisha ameacha kazi. Tumetangaziwa kwamba amehamia kwa binti yake, mbali, akapumzike. Alipoondoka mimi sikuwepo, nilitumwa kwa mchapaji kuchukua stika za korongo. Nasikia aliondoka kwa haraka sana, hata miwani aliiacha sakafuni, kioo kimoja kimepasuka. Nafasi yake nimepewa mimi. Sasa nakaa kwenye kiti, miguu haiumi.

Usinitumie barua nyingi. Moja kwa mwezi inatosha.

Mwanao


Tarehe 24 Juni

Mwanangu,

Hatujambo, na sitaki kurefusha salamu, kwa sababu nina neno langu na nikichelewa nitalimeza tena.

Nilikudanganya mwezi wa tatu. Mzee wa Sarafu alipiga picha. Aliniomba ruhusa, nami nikamsogezea taa aipate vizuri. Nilikuwa najivuna. Uliponiuliza niliona haya kukiri, nikajiambia mzee yule atamwonyesha nani, ana marafiki wawili na wote hawaoni vizuri. Ningekuambia ukweli siku ile, ungepata nafasi ya kutoka, na Mama Dirisha pia. Nimelia, lakini kilio changu hakikusaidii wewe wala yeye.

Sasa na wewe niambie. Unaandika hukuwepo alipoondoka. Halafu unaandika miwani ilikuwa sakafuni, na ni kioo kimoja kilichopasuka, si viwili. Unasema ulisikia. Nani alikuhadithia habari ya kioo? Huko kwenu hamuulizi, wewe mwenyewe uliniandikia. Na mwanamke asiyeweza kusoma namba ya mlango wake bila miwani, anasafirije mbali bila miwani?

Nimekulea nusu ya utoto wako. Ulipovunja sahani ulikuwa unakuja kuniambia kwamba umesikia kuna sahani imevunjika. Usinifanyie hivyo sasa.

Yuko wapi? Mzima au mgonjwa, nataka kujua. Nitakuja mwenyewe nimpokee, nimlete hapa, alale chumbani kwangu.

Shangazi


Tarehe 19 Julai

Mpendwa Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema pamoja na familia yote. Mimi huku ni mzima na kazi inaendelea vizuri.

Jambo uliloniuliza sitalijibu kwenye karatasi. Usiliulize tena.

Binti yake alikuja. Alikuja mchana akasimama mbele ya dirisha langu, akaniita kaka. Amefanana naye kwenye paji la uso. Alisema mama yake hajafika kwake, hajapiga simu, na chumba alichopanga kina nguo zake zote. Taratibu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia nilivyofundishwa: kwamba mama yake alikuwa anaiba chipu na kumuuzia mwanamke mwenye duka la vifungo, alipogunduliwa aliona haya, akaondoka bila kuaga. Hakuamini. Alisema mama yake hata pini ya mtu haokoti. Taratibu akamwambia kwa upole aende akamuulize muuza vifungo mwenyewe.

Anwani yako nimempa mimi. Usinilaumu, alikuwa ameshaupata mji, alibakiza mtaa.

Atakuja kwako wakati wowote. Mwambie ni kweli, ulinunua kwa mama yake. Basi, usiseme zaidi. Akisikia kwako atakubali, atarudi kwake, atalia, yataisha. Taratibu ameniahidi kwamba ukifanya hivyo hana shida na duka lako, wala na baba na mama, wala na mimi. Najua unalolifikiria. Lakini jina likichafuka, Mama Dirisha hawezi kuumia tena. Mimi bado naweza.

Nakuomba, Shangazi. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Na barua zangu zote zichome.

Wako mtiifu


Tarehe 3 Agosti

Mwanangu,

Baba yako na mama yako hawajambo. Sijawaambia kitu. Asubuhi hii walikuwa wanabishana kuhusu rangi ya mlango, nikawapita nikiwaonea wivu.

Barua yako niliisoma mara nyingi, hasa pale ulipoandika kwamba hawezi kuumia tena. Ndipo nilipojua, na ndipo nilipojua kwamba wewe unajua. Hata hivyo niliamua kukufanyia ulichoomba. Nakwambia ukweli wangu wote, usidhani mimi ni mtakatifu. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, Mama Dirisha nilikuwa sijamwona kwa macho. Nilijifunza kulisema lile neno. Nilikuwa nalisema nikipanga vifungo: nilinunua kwa mama yako, nilinunua kwa mama yako. Likafika mahali likatoka bila kutetemeka.

Binti yake amekuja leo. Mwanamke mpole, karani wa shule, ana mkoba wa kitambaa na viatu vilivyoenda mbali. Alinisalimia kwa heshima, akanipa pole ya kazi, akaomba maji. Kisha akauliza kama ni kweli nilinunua chipu kwa mama yake. Nikasema ndiyo. Nililisema vizuri sana, mwanangu, ungenisifu.

Nilidhani atatukana au atalia. Badala yake alivuta kiti karibu na mimi, uso umefunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaniuliza, “Kwa hiyo wewe ulimwona. Alikuwa anaonekanaje?”

Nikaanza kupanga vifungo.

“Alikuwa amekonda?” akauliza. “Alikuwa na sauti nzuri? Ana kikohozi huwa kinamsumbua. Alinitaja?” Akanishika mkono. Alisafiri siku nzima kuja kusikia kwamba mama yake ni mwizi, na wizi hakuujali hata kidogo. Alichotaka ni mtu wa mwisho aliyemwona amwambie mama yake alivaa nini.

Niliweza kusema neno moja la uongo. Nimtengenezee na mama mzima, nimvike gauni, nimpe kikohozi na salamu za mwanawe? Nilijaribu. Nilifungua mdomo nikasema alikuwa amevaa, nikaishia hapo.

Nimemwambia kwamba sijawahi kumwona mama yake, wala sikununua kitu kwake. Nimemwambia ni mimi niliyeosha ile chipu na kuiweka kwenye kioo, na mpiga picha nikamshikia taa. Nimemwambia mpwa wangu ndiye aliyeitoa, na mama yake alimfichia, na alipoulizwa alisimama peke yake. Ameniomba ushahidi. Nimefungua droo nikampa barua zako zote, sikuchoma hata moja. Anazisoma kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya mwisho, kwenye kiti cha wateja. Nimefunga duka.

Naandika hii upesi nimpe dereva wa basi la alasiri, aifikishe kwa fundi viatu mkononi, maana posta itachelewa na sisi hatutachelewa. Kesho tunaondoka wote wawili na chipu zote mbili. Hatuendi kwa mkaguzi wako asiyeshuka garini. Tunakwenda polisi makao makuu, na kwa watu wa gazeti kabla ya polisi, ili wasituambie turudi kesho. Ukipata karatasi hii, toka humo ndani vivyo hivyo ulivyo, usirudi chumbani kuchukua hata blanketi. Tungoje stendi. Ukija, utasema mwenyewe kwa mdomo wako ulichokiona, nami nitakaa upande wako mpaka wamalize kukuuliza, na popote watakapokupeleka nitakufuata na chakula. Usipokuja, barua zako zitasema.

Nimekuuza, ukitaka kuliita hivyo. Sina jina zuri zaidi. Nakupenda kama nilivyokupenda ukiwa mdogo, na naogopa kwa ajili yako.

Amebakiza barua mbili. Naishia hapa, niende nikakae karibu naye.

Shangazi yako